Balbu ya Dakika Mbili

Skrubu ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili ikakataa.

"Leo mimi na wewe," Dakika Mbili akaiambia, akaikamata bisibisi kwa mikono miwili. Alikuwa amechuchumaa uani mbele ya pikipiki, jasho linamchuruzika mgongoni, na hata saa nne haijatimia. Akauma meno, akasukuma, akazungusha. Bisibisi ikateleza ikamchoma kiganja. Skrubu ikabaki pale pale, ila sasa kichwa chake kimelika, hakuna pa kushika.

"Mshenzi wewe!"

"Itie mafuta ya taa uiache kidogo," kaka yake akasema. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mguu wa kulia ndani ya plasta, kauegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Skrubu yenye kutu ni kama mkwe aliyenuna. Huendi naye kwa nguvu."

"Kaka, ni balbu tu. Si injini. Dakika mbili."

Shemeji yake, aliyekuwa anafua karibu na bomba, akacheka bila kuinua kichwa. "Dakika mbili zako tunazijua. Mlango wa choo ulisema dakika mbili, tukaingia chooni kwa pazia wiki nzima."

Ndivyo jina lilivyomganda. Kila kitu kwake kilikuwa dakika mbili. Shule aliiacha kwa sababu ilikuwa inachukua miaka. Kwa fundi seremala alikaa miezi mitatu, akaona kupiga randa ni kupoteza muda. Kitu pekee alichokipenda na hakikumchosha ni pikipiki, na hiyo aliiendesha ya kuazima: mtu akiumwa au akisafiri, yeye anashika usukani siku mbili tatu, mwenyewe akirudi yeye anashuka. Miaka minne ya kupanda na kushuka. Cha kwake hakikuwepo.

Kaka yake alikuwa nacho. Kizibao cha manjano, namba saba mgongoni, nafasi yake kwenye kijiwe cha bodaboda haigusi mtu. Kule walimwita Mzee wa Breki, maana aliendesha kama amepakia trei ya mayai. Na huyu ndiye, wiki sita zilizopita, magharibi, aligongwa ubavuni na pikapu akiwa anarudi nyumbani. Dereva wa pikapu akaapa kwamba pikipiki haikuwa na taa. Wapita njia wawili wakasema hivyo hivyo. Mzee wa Breki akasema aliwasha. Alisema barabarani damu ikimtoka, akasema hospitali, anasema mpaka leo.

Hakuna aliyemwamini. Hata mkewe. "Njia ya mwongo ni fupi," shemeji alimwambia siku moja wakidhani Dakika kalala. "Ulisahau. Kila mtu husahau. Kinachoniuma ni wewe kung'ang'ania."

Kibaya zaidi, kijiwe kilikuwa na sheria yake. Baada ya kuzika wenzao wawili ndani ya mwaka mmoja, walikaa wakakubaliana: jua likizama, taa iwake. Ukikutwa huna taa unavua kizibao, namba yako inakwenda kwa mwingine, na hakuna kubembelezana. Aliyesimama siku ile akaipendekeza sheria hiyo ni Mzee wa Breki mwenyewe.

Walimsubiri apone kidogo. Kikao kilikuwa leo saa kumi. Na Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa amemvuta Dakika pembeni: "Ilete ile pikipiki ikiwa nzima, taa inawaka, tuione kwa macho. Kaka yako akivua, hatutaki namba itoke nyumbani kwenu. Utavaa wewe."

Dakika alisema, "Masikini kaka yangu." Kwa mdomo. Lakini juzi, nyumba ilipokuwa tupu, alikitoa kizibao msumarini akakivaa, akageuka geuka mbele ya kioo aone namba saba inavyomkaa. Ilimkaa vizuri.

Sasa kilichobaki ni balbu. Fundi wa kuchomelea alikuwa amenyoosha vyuma vya mbele, gurudumu limerudi sawa, kioo cha taa hakikupata hata ufa. Taa tu ndiyo ilikuwa haiwaki. "Balbu imekufa kwa kishindo cha ajali," fundi alisema, na kila mtu akaona ni sawa. Nani ahangaike na balbu iliyokufa baada ya mtu kuvunjika mguu?

Kilichomkera Dakika ni kwamba balbu hiyo hiyo aliipachika yeye, siku nne kabla ya ajali, na siku ile kazi ilikwenda kama maji. Kaka yake alitaka kwenda kwa fundi. Yeye akasema, niachie. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka oili kwenye cheni. Akafungua taa, akachomoa ya zamani, akasukumiza mpya, akafunga. Dakika mbili kweli. Shemeji akapiga makofi.

Leo skrubu moja tu imemla nusu saa.

Mwishowe akaitia mafuta ya taa, akayaacha yapenye. Akaibana skrubu kwa koleo, akaizungusha robo kwa robo, huku akiitukania ukoo wake wote. Mwisho ikaachia. Taa ikafunguka kwa mbele, na nyaya zikamwagika nje kama utumbo wa mbuzi: nyekundu, bluu, kijani, nyeusi, nyingine zimeshaota ugumu, nyingine zimefungwa utepe juu ya utepe.

"Zipige picha kwanza kwa simu," kaka akasema. "Ujue ilikaa vipi."

"Nimeiweka kichwani."

"Kichwani mwako hakuna nafasi, mna mashindano ya mbio."

Dakika akauvuta mpira wa nyuma ya balbu, ukachanika. Akakibonyeza kibanio cha springi, kikafyatuka, kikaruka juu ya bega lake, kikalia ting! mahali fulani. Wakakitafuta wote watatu, kaka akielekeza kwa gongo lake, shemeji na povu mpaka kwenye viwiko. Kilikuwa ndani ya beseni la nguo.

"Ningekivaa kanisani mwaka mzima bila kujua," shemeji akasema, akampa.

Balbu ikatoka. Dakika hakuitazama sana. Aliona imekuwa nyeusi, akaizungushia karatasi, akaitia mfukoni ili akanunue inayofanana nayo.

Duka la spea lilikuwa mtaa wa pili, chumba kirefu chembamba, mipira ya matairi inaning'inia darini, na nyuma ya kaunta Mama Spea na miwani yake iliyofungwa uzi. Alikuwa amewauzia spea watu wa mtaa ule tangu Dakika anatambaa.

"Dakika Mbili! Leo umevunja nini?"

"Sijavunja, mama. Natengeneza. Nataka balbu kama hii."

Mama Spea akaifungua karatasi. Akaishika balbu kwa kitako chake cha chuma, akaisogeza penye mwanga wa mlango. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nani aliipachika?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huyo mtu afungwe kamba." Akacheka, tumbo likatikisika. "Njoo uone. Hizi balbu, kioo chake hakiguswi kwa kidole. Mafuta ya mkono yakibaki pale, taa ikiwaka pale panapata moto kuliko kwingine, kioo kinavimba. Na huyu wala si mafuta ya mkono. Huyu aliishika na oili nzito. Tazama, imeungulia humo humo."

Dakika akainama. Ubavuni mwa kioo kulikuwa na uvimbe mdogo, kama lengelenge. Juu ya lengelenge, kwa rangi ya kahawia iliyoiva, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Vistari vyake vyote vilionekana, vimejikunja vizuri kama kamba iliyozungushwa. Na katikati mstari mmoja ulikatiza kutoka huku kwenda huku, umenyooka kama umepigwa rula.

Aliuingiza mkono wake wa kulia mfukoni.

"Si imekufa kwa ajali?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo.

"Inayokufa kwa kishindo inakatika kiwaya cha ndani, kioo kinabaki cheupe. Hii imepikwa, mwanangu. Imezimika yenyewe."

"Mtu yuko njiani?"

"Yuko njiani, yuko kwenye kona, popote. Puu, basi. Na kama ni magharibi, giza halijakolea, mwenyewe wala hajui. Mwanga wako huuoni wakati ule. Wanauona wenzako tu." Akachukua mpya kwenye kiboksi, akaiweka kwenye kaunta. "Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiki kimevunja taa. Shika kwenye chuma, umenisikia? Chuma!"

Alilipa, akaizungushia ya zamani karatasi yake, akaitia mfukoni, akatoka. Alitembea hatua kumi, akasimama penye mtaro wa maji machafu, akautoa mkono mfukoni.

Kovu la mstari ule alilipata ana miaka tisa. Bati la paa lilimkata dole gumba mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Kaka yake alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka zahanati, mwendo wa nusu saa, bila kupumzika. Ndiyo mara moja tu maishani mwake Mzee wa Breki alikimbia.

Mtaro ulikuwa chini yake, maji meusi, mazito. Kitu kikianguka mle hakionekani tena. Akaitoa karatasi yenye balbu, akaishika juu ya maji. Mtu mmoja akapita na mkokoteni akapiga kelele, "Pisha njia, bwana!" Dakika akaruka pembeni, na aliporuka karatasi ilikuwa bado mkononi. Akairudisha mfukoni. Nitaitupa mbele, akajiambia. Mbele akafika nyumbani.

"Ya zamani iko wapi?" kaka yake akauliza, hata hajakaa. "Nilitaka kuiona."

"Imebaki kwa Mama Spea. Kaitupa."

"Ah." Kaka akautazama mguu wake. "Basi."

Akaanza kupachika. Safari hii alinawa kwa sabuni mara mbili, akajifuta kwa kitambaa kisafi, akaishika balbu kwenye chuma kama mtu aliyeshika kifaranga. Shemeji akamwangalia kwa pembe ya jicho. "Leo una adabu. Unaumwa?"

Balbu ikakaa. Kibanio kikakataa mara nne, cha tano kikaingia. Halafu zikaja nyaya. Zilizokuwa ndani mwanzo hazikutaka kurudi ndani. Ukisukuma hizi, zile zinachungulia upande wa pili. Picha hana. Akazikunja, akazilaza, akazisukumiza kwa ngumi, akafunga skrubu mbili. Akawasha.

Ikawaka. Nyeupe, kali, mchana kweupe.

"Hongera, fundi," shemeji akasema.

Dakika akageuza usukani kushoto ili ashushe stendi. Taa ikazimika. Akarudisha katikati, ikawaka. Kushoto, ikazima.

Alisimama pale mdomo wazi, na kifuani kitu kikafunguka. Waya! Kumbe kuna waya mbovu! Kumbe ilikuwa waya siku zote, kaka kageuza usukani pale kwenye kona, taa ikazima, si balbu, si kidole cha mtu. Akafungua zile skrubu mbio mbio, akazivuta nyaya nje, akautafuta waya wenye makosa.

Akauona. Waya wa bluu ulikuwa umebanwa kati ya kifuniko na chuma. Ngozi yake imekatika, shaba ya ndani inang'aa kama sarafu mpya. Hakuna kutu, hakuna vumbi. Ulikatika dakika tano zilizopita, kwa ngumi yake.

"Umepata?" kaka akauliza.

"Nimeubana mwenyewe."

"Funga utepe, upitishe kwa juu. Polepole."

Akafunga utepe. Akaupitisha kwa juu. Polepole. Mfukoni karatasi ilimgusa paja kila alipoinama.

Saa tisa na nusu alimpandisha kaka yake nyuma ya pikipiki, magongo kayakumbatia kifuani, kizibao kakivaa, namba saba imepigwa pasi. Shemeji alisimama mlangoni. "Ukifika," akamwambia mumewe, "sema tu ulisahau. Omba radhi. Watu watakuonea huruma."

"Sikusahau," kaka akasema.

"Haya." Akaingia ndani.

Kijiwe kilikuwa kibanda cha bati chenye mabenchi mawili, na leo watu walijaa mpaka wengine wamekalia pikipiki zao. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, hakupoteza muda. "Washa." Dakika akawasha. "Geuza huku. Geuza huku. Sawa, taa ipo. Sasa turudi siku ile."

Kaka akasimama kwa magongo. "Nitasema lile lile. Nilipotoka sokoni niliwasha. Nilibonyeza kwa kidole hiki."

"Kidole si shahidi!" mmoja akadakia kutoka nyuma. Wakacheka.

"Sisi hatukuchukii, Mzee wa Breki," Mwenyekiti akasema. "Ungekiri ulisahau, labda tungetafuta lugha. Lakini sheria uliileta wewe. Tukikuachia wewe, kesho tumwambie nini mwingine?"

Macho ya kaka yaliwapitia mmoja mmoja, yakamfikia Dakika, yakapita. Kisha akaegemeza gongo moja kwenye benchi, akaanza kuvua. Ilikuwa kazi, mkono mmoja, mguu mmoja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akakikunja kizibao vizuri, namba juu, akamnyooshea mdogo wake.

"Shika. Heri ibaki nyumbani. Ile kona ya sokoni, punguza mwendo kabla, usingoje uifikie."

Dakika alinyoosha mkono. Kitambaa kilikuwa bado na joto la mwili. Dole lake gumba likalala juu ya namba saba, na kovu likatazama juu.

"Chukua basi," Mwenyekiti akasema. "Mbona umeganda?"

"Subirini." Alimrudishia kaka yake kizibao mkononi, akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. Akaichana. Akaiweka balbu juu ya benchi, na kando yake akaweka dole gumba, kama mtu anayepiga muhuri.

"Hii balbu niliitia mimi. Nilikuwa na oili ya cheni mikononi. Ikaungua. Ikazima yenyewe njiani. Yeye aliwasha. Mama Spea yupo, mkamuulize."

Walisogea, vichwa vikagongana juu ya benchi. Aliyesema kidole si shahidi alitazama balbu, akatazama dole, akatazama balbu tena, akarudi nyuma.

Kaka hakusogea. "Ulijua lini?"

"Leo. Dukani."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa sita." Kaka akatikisa kichwa taratibu. "Nikakuuliza iko wapi."

"Ndiyo."

"Ukasema imetupwa. Ukanipakia, ukanileta, ukaniacha nikavua mbele za watu."

Dakika akaliondoa dole lake kwenye benchi.

Mwenyekiti alikohoa. Akakichukua kizibao, akakikunjua, akamvika Mzee wa Breki kwa mikono yake mwenyewe, mkono mmoja, kisha mwingine, kama anamvika mtoto. "Tusamehe, ndugu yetu," akasema. "Mguu ukipona, nafasi yako ipo." Kisha akageuka. "Na wewe, hata pikipiki ya mgonjwa usije kuomba hapa mpaka tukuite. Si kwa sababu ya balbu. Balbu, mtu anaweza asijue."

Kaka aliyachukua magongo yake. Dakika akakimbilia pikipiki, akaishika tayari apande. Kaka alimpita. Akamwambia yule wa namba kumi na mbili, "Nisogeze nyumbani, ndugu yangu," akapandishwa, wakaondoka, polepole, kama trei ya mayai.

Dakika hakupanda. Aliisukuma pikipiki mpaka nyumbani kwa miguu, na hakujua kwa nini.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nje, kanga kichwani, mikono mapajani, hana alichokuwa anafanya. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

"Yuko ndani," akasema. "Aliyemleta kanisimulia."

"Kasema nini? Kaka?"

"Hajasema. Kapita tu." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wiki sita namwambia mwongo. Mume wangu mwenyewe. Ingia ukazungumze naye."

"Wewe tangulia, shemeji. Wewe ndiye mkewe."

"Wewe ndiye mdogo wake. Damu moja."

"Mimi ndiye nimeharibu."

"Na mimi nimemalizia."

Dakika akakaa kando yake kwenye kizingiti. Wakayatazama mapambo ya kutu kwenye geti la jirani kana kwamba wamelipia kuyaona. Mikono ya Dakika ilinuka mafuta ya taa bado.

Kutoka ndani sauti ikaja, ya kawaida, imechoka. "Mmoja wenu aniletee maji."

Wakasimama wote wawili kwa pamoja, wakakwama mlangoni.